Pistoni ya Bwana Chai

Tukuyu mvua hainyeshi, inakaa. Nilifika huko nikitokea Tanga, kwenye joto la mashamba ya mkonge, nikaajiriwa fundi katika karakana ya kiwanda cha chai, na kwa miaka yote niliyoishi huko sikumbuki kuvaa shati lililokauka sawasawa. Mimi si mtu wa kulalamika sana, lakini shati bichi alfajiri linamharibia mtu siku.

Ulipofika wakati wa mashirika ya umma kutafutiwa wawekezaji, karakana yetu ilikuwa ya kwanza kufungwa. Wenzangu walikuwa wenyeji. Walipopunguzwa kazi walirudi kwenye migomba yao, maisha yakaendelea. Mimi sikuwa na mgomba. Mke wangu alitangulia Tanga na watoto, tukakubaliana kwamba nitawafuata nikisikia kuna kazi, lakini kule nako mkonge ulikuwa umelala na mitambo imezimwa. Basi nikabaki. Nilipanga chumba Makandana, nikapata na kibanda cha mabati nyuma ya maduka, nikawa natengeneza chochote kilicholetwa: pampu, mashine za kusaga, pikipiki, na jenereta za wale waliokuwa wameanza kufungua baa kila kona.

Nilikuwa mpweke, na sioni haya kusema hivyo. Wanyakyusa ni watu wa salamu. Mtu anasimama njiani anauliza umelalaje, nyumbani wamelalaje, watoto wamelalaje, na mwenzake anajibu yote na kuyarudisha yote, hata kama mvua inawapiga. Mimi niliwapita pembeni nikiwa nimeinamisha kichwa. Lugha yao ilikuwa bado haijanikaa mdomoni, na wao walinijua kwa jina moja tu, fundi. Salamu yangu ilikuwa, "Fundi, imepona?" Wakimaanisha mashine.

Aliyenitoa katika hali hiyo alikuwa mzee mmoja ambaye wakulima walimwita Bwana Chai. Aliajiriwa na kiwanda kuwazungukia wakulima wadogo wa Suma na Kinyala, kukagua chai yao na kuwabembeleza wasiing'oe, maana biashara ilikuwa imekuwa huria na kila mtu alikuwa na ushauri wake. Goti lake moja lilikuwa bovu, kwa hiyo alipewa pikipiki ya magurudumu manne iliyoachwa na meneja mmoja wa zamani. Watoto waliiita ng'ombe, kwa sababu ilikuwa na miguu minne na ililia.

Injini yake ilikuwa ya ile aina isiyokuwa na oili yake yenyewe tumboni. Oili unaichanganya na petroli kwenye tangi, na pistoni inalainishwa na hicho hicho inachokunywa. Ilipoletwa kwangu mara ya kwanza ilikuwa imechakaa kwa uzee tu. Niliifumua yote, bloku likapelekwa Mbeya kuchongwa, nikaweka pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya mwanzo, ringi mpya na beringi mpya. Ikawaka kwa pigo moja, na mimi nikajisifu moyoni.

Haikumaliza hata msimu. Ilirudi ikigonga na haina nguvu ya kupanda mlima, na nilipoifungua nilikuta pistoni imeliwa kama ya injini ya miaka mingi. Nikachongesha tena, nikaweka kubwa zaidi. Ikarudi tena. Fundi mwenye heshima zake anapaswa kuona aibu hapo, na niliiona. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia. Kila mashine ilipolala kibandani, mzee hakuwa na namna ya kwenda kazini, na alikuja kukaa nami.

Alikaa juu ya kreti la soda karibu na mlango, goti bovu amelinyoosha, na ndizi za kuchoma kwenye karatasi. Alinisalimia kwa ukamilifu, na mtu aliyesikia angedhani nina nyumba na ng'ombe na wakwe. "Ugonile, nkamu?" Nkamu ni ndugu. Alinifundisha kujibu, akanisahihisha, akacheka Kinyakyusa changu cha kitanga mpaka akakohoa. Alinisimulia ni nani amemkasirikia nani kule Suma kwa ajili ya mpaka wa shamba, akaniuliza kuhusu bahari, na kama ni kweli watu wa pwani wanakula pweza. Nilikuwa namjibu huku nimeinamia kazi, ili asione ninavyofurahi.

Mara ya tatu ilipokufa, mchongaji wa Mbeya alirudisha ujumbe kwamba hii ndiyo ya mwisho. Ukuta wa bloku umebaki mwembamba, hauchongeki tena, na bloku jingine halipatikani. Kiwandani nako bosi mpya alikuwa amemwambia mzee kwamba ng'ombe huyo akifa tena atauzwa vyuma chakavu, na yeye mwenyewe aende akapumzike.

Nilikaa nikaitazama hali yangu. Nisipoujua ugonjwa, pistoni ya mwisho itakufa, mashine itauzwa, na mzee atabaki kwao Kinyala asionekane tena Makandana. Nikiujua, mashine itapona, na mtu mwenye mashine nzima hana sababu ya kushinda juu ya kreti kwa fundi. Kwa njia zote mbili kreti litabaki tupu. Siku hiyo nilikuwa na hasira, nikamfokea hata mama wa watu aliyeleta jiko la mafuta ya taa. Kisha nikaanza kutafuta ugonjwa, maana afadhali kreti liwe tupu kwa sababu yeye yuko kazini.

Mjini kila mtu alikuwa na jibu moja: spea za siku hizi feki. Ilikuwa dawa ya kila swali wakati ule. Maduka yalijaa vitu tulivyovikosa miaka mingi na hakuna aliyeviamini. Lakini pistoni nilikuwa nimeipima kabla ya kuifunga, na nyingine za aina hiyo hiyo zilikuwa zinazunguka kwenye pikipiki za watu bila matata. Nikaenda kwenye mchanganyiko. Oili ilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa sahihi, na kabla haijafa mara hii ya tatu nilichanganya mimi mwenyewe kila alipopita kujaza. Nikaenda kwenye vumbi, kwa sababu udongo wa Rungwe ni wa volkano, ukikauka unakwangua vyuma. Chujio la hewa lilikuwa safi na limelowa oili yake, na mpira wake haukuwa na ufa. Nikaangalia plagi. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ndiyo inayotakiwa. Kichwa cha pistoni hakikuungua.

Ila ubavuni kulikuwa na mikwaruzo mirefu, juu hadi chini, pande zote mbili. Nilipochungulia ndani zaidi nikakuta mkono wa pistoni, ambao kwa injini hii lazima ukutwe umelowa, umekauka, na beringi yake ya juu imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Niliushika mkono ule muda mrefu. Injini ilikuwa inapewa kinywaji kizuri na bado inakufa kwa kiu. Basi kulikuwa na mahali njiani ilikuwa hainywi.

Nikafunga pistoni ya mwisho, nikamwambia mzee kwamba safari hii tunakwenda wote.

Tulitoka asubuhi, mimi nimekaa nyuma kwenye kibebeo cha mizigo, tukishika barabara ya Suma. Nilikuwa nimegeuza shingo natazama moshi. Kwenye tambarare ulikuwa mwembamba, wa bluu, na mlio ulikuwa mzuri. Kwenye mlima vilevile. Halafu tukaanza kushuka.

Mteremko ule ni mrefu, na nyumba ziko pande zote mbili ndani ya migomba. Mtu wa kwanza alikuwa bibi mwenye mzigo wa kuni. Mzee akaachia resi, akainua mkono wa kulia, akainama kidogo, akasema, "Mugonile, yuba!" Yuba ni mama. Bibi akajibu. Kabla hajamaliza, walikuwepo wanaume watatu mbele ya duka, nao wakapata zao. Kisha wachuma chai, kisha mchungaji, kisha mzee aliyeketi barazani ambaye hakutuona vizuri lakini alisalimiwa hata hivyo. Resi ya mashine ile hukandamizwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Mkono wa kulia ukiwa hewani, resi imefungwa. Mashine iko kwenye gia, mteremko unaisukuma, injini inazunguka kwa kasi inalia, na hakuna petroli inayoingia, wala oili. Nilitazama nyuma. Moshi ulikuwa umekatika, na haukurudi mpaka tulipofika darajani.

Nilimwomba asimame.

"Nini tena, fundi?"

"Nimeuona ugonjwa, mzee." Nikamweleza taratibu. Kila anapoinua mkono kwenye mteremko, pistoni inakwenda kavu. Wakati wa kushuka lazima kidole kiwe kinakandamiza kidogo kidogo, bila kuacha, ili inywe.

Akautazama mkono wake.

"Kwa hiyo nimeiua kwa kusalimia watu."

"Ndiyo."

"Na nikiweka frii?"

"Breki hizi hazitakushika kwenye utelezi. Utaingia kwenye migomba ya watu."

Nikamwambia labda atumie mkono wa kushoto. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza toka nimjue niliona amekasirika. "Nimsalimie mkubwa wangu kwa mkono wa kushoto? Yule wa barazani alimbatiza baba yangu, nkamu."

"Basi simama kwa kila mmoja."

"Nikisimama kwa kila mmoja, nitafika Suma Krismasi." Akacheka, lakini cheko fupi. "Nikiwapita kimya watasema Bwana Chai siku hizi ana maringo. Mtu mwenye maringo hawezi kumwambia mwenzake asing'oe chai."

Injini nazijua, lakini hilo lilikuwa lao. Tulikaa darajani mpaka chuma kikapoa, tukala ndizi zilizobaki. Nilitamani mazungumzo yale yasiishe, na nilijua kwamba nimekwisha kuyamaliza mwenyewe.

Alilipatia njia yake. Mimi si wa kanisa, lakini mama aliyeuza vitumbua jirani na kibanda changu alinisimulia huku akicheka. Jumapili, ulipofika wakati wa matangazo, Bwana Chai aliomba nafasi, akasimama na goti lake, akawaambia watu kwamba kuanzia kesho wakimwona anashuka mlima bila kuwasalimia wasimhesabie dhambi, ni fundi amemkataza, mashine inakufa kwa heshima. Akasema salamu zote anazitoa pale pale, za wiki nzima, wazipokee. Kanisa zima lilicheka, likaitikia. Nilicheka na mimi, mama alipoondoka nikaacha.

Mashine haikurudi. Mzee alipita mara moja kunishukuru na mkungu wa ndizi, akasimama mlangoni, hakukaa, maana Kinyala walikuwa wanamsubiri. Baada ya hapo niliisikia tu ikipita barabara kubwa, na kila mara niliacha spana nikasikiliza kama inagonga. Haikugonga. Kreti nililitumia kuwekea boliti.

Siku moja, muda mrefu baadaye, nilikuwa narudi kwa miguu kutoka Suma, nilikokwenda kufunga mkanda wa mashine ya kusaga. Nilipofika katikati ya ule mteremko niliisikia juu yangu, inashuka. Nilimjua kabla sijamwona. Mlio ulikuwa umejaa, mzito, na kila baada ya kitambo resi fupi, kisha nyingine, kama nilivyomwambia. Nikasogea pembeni. Kusalimia nilikuwa nimekwisha kujifunza, na nilijua kwamba mkubwa mmoja husalimiwa kama watu wengi, na huitwa baba. Nikainua mkono wa kulia, nikasema kwa sauti, "Mugonile, tata."

Alipita. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, kidole gumba kimekandamiza, macho kwenye utelezi, mdomo umefumbwa. Alipita karibu kiasi kwamba tope la gurudumu lilinirukia suruali. Nyuma yake moshi ulikuwa mwembamba, wa bluu, wa kutosha. Sijui kama aliniona. Wengine wote alikuwa amewaeleza kanisani, na mimi hakuwa na haja ya kunieleza, kwa kuwa ndiye niliyemwambia. Nilisimama ndani ya harufu ile ya oili mpaka ikaisha, kisha nikaendelea kupanda kwenda Makandana.