Maji Yamefika Wapi?

Nakumbuka asubuhi moja hapa Uvira, mwanangu, na hadi leo nikiisimulia moyo hunidunda kama wa msichana. Uhuru ulikuwa bado mchanga, uasi ulikuwa umefunga barabara, na katika zahanati ambamo nilimsaidia shangazi yangu, muuguzi, dawa kali ya kutuliza maumivu ilibaki sindano moja tu. Majeruhi wawili waliihitaji: mvuvi wa hapa hapa ufukweni, na mfugaji aliyeshushwa kwa machela kutoka Bijombo, milimani.

Shangazi alikuwa na kipimo chake. Maumivu hayaonekani, alisema, lakini watu wa ziwa hujua kina cha maji kwa miili yao. Basi alimwuliza mgonjwa maji yamefika wapi: kwenye kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua au shingo. Jibu la leo alililinganisha na la jana, akajua kama mtu anazama au anatoka. Jinsi nilivyokipenda kipimo kile! Nilijiona nachungulia ndani ya mtu.

Mvuvi, ambaye kelele zake zilifika sokoni, alijibu kiunoni. Mfugaji akasema polepole, magotini. Shangazi akaanza kumwandalia mvuvi sindano. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimpangusa mfugaji uso, na jasho lilikuwa halikatiki. Nikamwuliza, "Baba, maji gani hayo?"

"Ya mto wa kwetu, mvua ikinyesha mulimani," alisema. "Yakifika magotini, hata ng'ombe anabebwa."

Mwanangu, nilisisimka mwili mzima. Goti lake lilikuwa shingo yetu! Shangazi alisimama na sindano mkononi, akamgeukia mvuvi. Mvuvi alikuwa amesikia yote, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alikuwa kimya.

"Miye, mu maji ya kiuno ndiyo nasimama nikivuta nyavu," alisema. "Mumupe ule baba. Lakini kelele zangu musinikataze."

Akaanza tena kupiga kelele, na mfugaji akapata usingizi.

Basi nakuusia, mwanangu: yaliyo ndani ya watu yanapimika, usiogope kuyapima. Ila kabla hujaliamini jibu, uliza mtu huyo amesimama katika maji gani. Mungu akujalie sikio lenye subira, na siku maji yatakapokufika wewe shingoni, akuletee mtu wa kukuuliza.