Picha ya Nyar Kanyamwa

Jumatano asubuhi, studio moja ya picha mjini Migori ilikuwa bado haijachagua programu ya kupanga picha kwenye kompyuta. Mwenye studio alikuwa ameingiza picha za wateja wa miaka mingi pamoja na maneno yaliyoandikwa nyuma ya kila moja, na muuzaji alikuwa amemwekea programu mbili azijaribu.

"Chukua hii inayotafuta kwa jina," muuzaji alisema. "Hiyo nyingine inakubali maneno yoyote. Ni fujo tu."

Mama mmoja akaingia kutoka Awendo. Mke mwenzake angezikwa Jumamosi, na nyumbani hapakuwa na picha hata moja ya kuweka juu ya jeneza, ila marehemu aliwahi kupigwa picha hapa studio.

"Alikuwa anaitwa nani, mama?" muuzaji aliuliza.

"Achieng."

Muuzaji akaandika kwenye ile programu ya majina. Skrini ikajaa akina Achieng, kwa sababu kwetu hilo ni jina la kila msichana aliyezaliwa jua likiwaka.

"Hawa wote si wetu," mama alisema. "Sisi tulimwita Nyar Kanyamwa, msichana wa Kanyamwa, kwao alikozaliwa. Mwanamke akishaolewa huitwa kwa kwao, nani tena amwite Achieng?"

Mwenye studio akamsogeza muuzaji kando kwa kiwiko, akafungua ile programu ya fujo na kuandika alivyoambiwa. Nyuso tatu zikatokea. Mama akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya uso wa katikati.

"Ndiye huyu. Hata hapo ananicheka."

Nadhani aliyeitengeneza ile programu nadhifu hajawahi kuoa kwetu.

Mwenye studio alinunua ile nyingine siku hiyohiyo. Jumamosi, picha ilikuwa juu ya jeneza.