Ukungu wa Kwenye Kalenda

Kwa kinyozi wangu mjini kuna kalenda ya zamani ambayo hataki kuishusha kwa sababu ya picha yake: msitu wa Kakamega, jua la asubuhi, na ukungu mweupe uliotanda kati ya miti. "Ukungu wa huko ni mzuri, bana," aliniambia leo, wembe mkononi.

Niliitazama tena ile picha. Mti wa mbele, wenye tawi lililovunjika, niliukwea utotoni mwangu wote. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu.

Asubuhi moja mpiga picha wa kalenda hiyo alifika kwetu viatu vimelowa umande, akaomba ruhusa. Mama alikuwa anatoka kukama. "Ngoja kidogo, mgeni. Mimi sipigwangi picha na nguo ya shamba." Akabandika chai kwenye jiko la nyuma, akaosha miguu, akajipaka mafuta, akarudi na gauni lake la kanisani, lile la maua ya njano.

"Mama, sogea kidogo kando," mgeni alisema kwa upole. Akasogea. "Kidogo tena." Akasogea mpaka mgongo ukagusa mpera. "Hapo sawa kabisa." Mama akasimama wima, akatabasamu, wala hakupepesa jicho mpaka kamera ilipotulia.

Jioni alimwambia baba, "Leo nimepigwa picha."

Kwenye kalenda hayupo. Lakini ule si ukungu. Ni moshi wa kuni mbichi alizochochea ili chai ya mgeni ichemke haraka.