Mwanga Aliouona Bi Megan

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, pale Malvern, ughaibuni tulikohamia, mwaka ambao Bi Megan alimwambia mama jambo ambalo kwetu halisemwi.

Bi Megan alikuwa mzee kutoka Welisi, jirani yetu wa mlango wa pili. Mama akichelewa kazini, ni yeye aliyenipokea kutoka shule. Kila tarehe mosi Machi aliadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Daudi, mtakatifu wa nchi yake. Alijibandika ua la njano kifuani, na mimi akanifunga kwa pini kwenye sweta kipande cha liki, mboga ya jamii ya kitunguu. Nilinuka kitunguu siku nzima. Jioni tulikula kwake supu ya kondoo na liki, kisha vikeki vya zabibu vilivyopikwa juu ya bamba la chuma. Mama, mtu wa Tanga, hakuacha kusema kwamba supu ile inalilia pilipili. Bi Megan naye alimjibu kuwa Mtakatifu Daudi alikunywa maji matupu na hakulalamika.

Mwaka ule mama alikuwa mja mzito, karibu na kujifungua. Baba alikuwa zamu kwenye bohari kule Downsview, kwa hiyo mezani tulikuwa watatu. Bi Megan hakutania. Mama akamuuliza kama anaumwa.

Akaweka kijiko chini. Alisema kwamba jana yake, jua likizama, aliona kutoka dirishani mwanga mdogo wa buluu ukitoka mlangoni kwetu na kuelekea barabarani, bila mtu aliyeushika. Kwao, alieleza, inasemekana Mtakatifu Daudi aliwaombea watu wake wapewe ishara mauti yanapokaribia, wasikutwe hawajajiandaa. Mwanga mkubwa ni wa mtu mzima. Kuhusu mdogo hakumalizia.

Mama aliweka mkono tumboni. Walizoea kuongea Kiingereza, lakini hili lilimtoka kwa Kiswahili: "Bi Megan, usimtilie mwanangu uchuro."

Bi Megan akanitazama mimi. Kwetu, anayetaja msiba kabla haujafika ndiye anayeuita, lakini sikuwa na maneno ya kulieleza hilo. Nikamwambia tu, "Anasema usiseme."

"Nikinyamaza," alijibu, "nitakuwa nimemwacha peke yake."

Mama alinishika mkono tukatoka, supu ikabaki kwenye mabakuli. Tangu siku hiyo nilipewa ufunguo wangu, na nikakatazwa kugonga mlango ule.

Mdogo wangu alizaliwa kabla mwezi haujaisha, na hakulia. Wanawake waliokuja kukaa nasi msibani walisikia habari za yule jirani, na neno uchawi likatajwa jikoni kwetu kwa sauti ya chini. Mama hakulitamka, wala hakulikataa.

Siku ya maziko Bi Megan alikuja peke yake, akasimama mbali, karibu na uzio. Mama alimwona. Akaniinamia sikioni: "Nenda kamwambie asogee."

Nikaenda. Akaja kusimama kando ya mama.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama kwa nini alimwita. Akaniambia kwamba kabla ya sikukuu ile daktari alikuwa amekwisha kumweleza kuwa moyo wa mtoto haukuumbika vizuri, na huenda asiishi. Hakumwambia hata baba. "Nilitaka nikae naye siku chache," alisema, "bila mtu mwingine kujua."

Sijui Bi Megan aliona nini. Huenda ilikuwa taa ya baiskeli, au uso wa mama, ambao aliuona kila siku na kuusoma vizuri kuliko sisi. Leo nina watoto wangu. Daktari akiniambia jambo juu yao, hukaa nalo kwanza ndani ya gari, simu mkononi, nikiogopa kulisema na nikiogopa kulinyamazia. Mpaka sasa sijajua ni yupi kati ya mama na Bi Megan aliyenilea zaidi.