Mgombea Mwenza Aliyenivurugia Posa

Jamani, hili nilikuwa silisemi mbele za watu, maana hata leo nikilikumbuka niko kwenye basi navuta kofia nifunike uso, ila kwa kuwa mmenibana, haya, sikilizeni na mcheke mmalize.

Ilikuwa majira ya joto ya 2008, nimetoka Richmond Hill na suti ya kuazima (ilinibana kwapani, na lile joto, acha tu) kwenda Crescent Town, mtaa mwingine wa huku ughaibuni, kujitambulisha kwa Shangazi Mwanaidi, aliyemlea Zuhura wangu, na nilishaonywa kwamba yule mama akisema hapana, ndiyo basi tena. Nikawakuta kina mama majirani wamekuja kunikagua, televisheni inaunguruma, mgombea urais wa Marekani ametoka kumtangaza mtu atakayegombea naye. Mama mmoja akaniuliza, "Baba, hao wanasema nini?" Ningemjibu kwa neno moja yangeisha. Lakini mimi na kimbelembele changu nikaona hapa ndipo pa kuonyesha nimesoma.

Nikasimama kabisa! Nikaeleza kuwa kule mgombea anajichagulia mgombea mwenza, chama kinambariki kwenye mkutano mkuu, halafu wananchi wanawapigia kura wote wawili kwa mkupuo, na kura zenyewe zinapitia kwa wajumbe wa kila jimbo. Shangazi wakati huo yuko jikoni anakaanga sambusa, mafuta yanapiga kelele, hajasikia la chama wala la kura. Alipotokea mlangoni mimi ndiyo nimefika hapa: "Mwenza anatafutwa mapema, mama, haisubiriwi mpaka mtu ameshaingia ndani. Ukimkubali mmoja, umewakubali wote wawili. Mimi naona ni utaratibu mzuri sana."

"Mwenza?" akasema Shangazi. "Hujamwoa mwanangu, unamtafutia mke mwenza?"

"Hapana, Shangazi, huyu ni wa akiba tu, yule wa kwanza akifa..." (Mungu wangu, mdomo huu!)

Kina mama wakashika vichwa. Shangazi akakaa kwenye kochi akaanza kulia, na hapo ndipo Zuhura aliponinong'oneza kuwa mumewe alimletea mke mwenza kule Tanga bila kumwambia, ndiyo sababu akaja huku kuanza maisha peke yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Zuhura akamweleza upya, polepole, kuwa mwenza wa kule ni makamu wa rais, akimwonyesha watu kwenye televisheni, mpaka Shangazi akafuta macho kwa kanga.

"Na huyo makamu," akaniuliza, "anaulizwa kwanza?"

"Anaulizwa, Shangazi. Na wananchi nao wanaulizwa."

"Basi hao wana heshima. Mimi sikuulizwa."

Shangazi alinipa Zuhura, baada ya kuniapisha mbele ya wale kina mama wote kwamba atakuwa peke yake. Siku hizi Shangazi hayupo, ametutoka, na Wamarekani walipopiga kura 2016 nilimkumbuka sana. Nimejiapia sitaeleza tena siasa za watu ukweni. Ila yeye ningemweleza hata siku nzima, na lile neno ningelitafutia jingine.