Muhogo Wangu wa Chungu cha Kwanza

Nichekeni tu, maana hata mimi ningekuwa ninyi ningecheka, lakini miaka yote hii imepita na bado nikiuona muhogo wa kuchemsha uso unaniwaka, natamani ardhi ipasuke niingie.

Miaka ile ya Mdachi nilikuwa mfuaji nazi katika shamba la Mwarabu mmoja huku Kirongwe, nakaa peke yangu kwenye kibanda katikati ya minazi. Wenzangu ikifika adhuhuri walikwenda kijijini kula, wakirudi wamechoka na jua, na mimi nikajiona mjanja wao. Usiku nachemsha muhogo kwa chumvi, asubuhi nachoma kipande cha ng'onda, samaki mkavu, juu ya makaa ya vifuu, natia pilipili mbichi mbili, nafunga kwenye jani la mgomba, natumbukiza kwenye pakacha, basi, chakula cha kazini hicho. Muhogo wangu mwenyewe, vifuu vya bure, dafu la kuteremshia liko juu ya kichwa changu. Ukichoshwa na muhogo weka kiazi kitamu, ukichoshwa na ng'onda tafuna nazi. (Nilikuwa nikiwahubiria wenzangu kama mimi ndiye niliyeanza kula duniani.)

Na nilikuwa na furaha, jamani. Mzee Haji, mwalimu wa chuo cha Kurani ambaye pia ndiye mnyapara wetu shambani, alikwisha kuikubali posa yangu kwa binti yake Mwanahawa, na harusi ilikuwa iwe baada ya Idi. Sina baba, sina mama, nyumba ile ndiyo ingekuwa kwetu.

Sasa jioni ya ishirini na tisa Shaabani watu wakaenda pwani kuutazama mwezi. Nami niende? Mgongo unaniuma, mawingu yametanda, nikasema moyoni mwezi gani utakaoonekana leo, nikalala zangu. Kabla ya alfajiri nikasikia ngoma kwa mbali, nikadhani kuna harusi (ngoma ya daku ile, mjinga mimi!), nikageuka upande wa pili. Kulipokucha nikafunga muhogo wangu, nikakata njia ya katikati ya minazi mpaka kwenye kifuo changu, ule mti uliochongoka tunaofulia nazi, na changu kilikuwa pembeni kabisa, sikuonana na mtu.

Adhuhuri nimekaa juu ya makumbi ya nazi, shavu limejaa, akatokea mwenzangu Makame. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe! Unakula? Leo chungu cha kwanza!"

"Cha kwanza cha nini?"

"Cha Ramadhani, mwendawazimu we! Mwezi umeandama jana, wameuona Ras Mkumbi!"

Na nyuma ya Makame, tasbihi mkononi, Mzee Haji.

Hapo nisikilizeni vizuri. Neno lilikuwa moja tu: sikujua. Ningesema sikujua, nikasuuza kinywa, nikajizuia mpaka magharibi, nikaja kulipa siku moja, yamekwisha. Lakini mkwe ananitazama na mwiba wa ng'onda umeninasa mdomoni, nikaona nikisema sikujua ataniona mtu asiyejua hata mwezi wa Mungu umeingia lini. Nikasema, "Naumwa, baba."

Laiti angekasirika! Uso wake ukaingia huruma. "Pole, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, baba." (Ulimi huu!)

"Siku nyingi nawe husemi? Makame, waite watu, leteni kitanda!"

Wakanibeba wanaume wanne, wamefunga, midomo imewakauka, jua la utosi, nami kila nikisema naweza kutembea Mzee ananiambia nyamaza, usijichoshe. Watoto nyuma, wanawake milangoni: "Nani huyo? Mkwe wa Mwalimu! Masikini!" Nikalazwa barazani kwake. Akaniandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, nikanywa. Mkewe akaleta shubiri, nikanywa. Nikasikia mtu analia nyuma ya mlango, nikaijua sauti, Mwanahawa. Wakaleta mafuta ya mbarika, nayo nikanywa. Basi mbarika haina subira. Mpaka alasiri nimekwenda chooni mara tatu mbio, msuli nimeushika mkononi, nawaruka wageni waliokuja kunipa pole, na kila nikirudi nawakuta wameongezeka.

Ndipo mama yake Mwanahawa akasema mbele ya watu wote, "Baba Mwanahawa, tumbo la siku nyingi si la kuchezea. Mimi simwozi mwanangu awe mjane kabla hajazaa." Mzee akainamisha kichwa. Nikaona mke anakwenda hivi hivi, nikainuka kitandani, "Siumwi! Wallahi siumwi! Sikujua mwezi umeandama, nikaona haya kusema!"

Mtu mmoja akaangua kicheko, baraza zima likamfuata, isipokuwa wale wanne walionibeba. Mzee Haji naye hakucheka. Aliitazama ile sahani.

"Ungesema hukujua, ningekwambia suuza kinywa," akasema. "Nimekuandikia maneno ya Mungu, ukayanywa juu ya uongo, huku unanitazama. Kesho ukiniambia binti yangu yu mzima kwako, nitajuaje?"

Posa ikarudi kesho yake. Nilituma wazee, nikaenda mwenyewe nikapiga magoti. Mzee akanisamehe, akanipa na mkono, lakini binti hakunipa. Siku ya funga niliilipa mwezi wa Mfunguo Mosi, ikaisha. Mwanahawa alimtuma somo wake, yule mama aliyemfunda, aniletee maneno: "Mwambie muhogo mkavu ningekula naye mpaka kufa kwangu. Lakini siku ile nililia, na yeye alinisikia, akaendelea kunywa dawa."

Tangu hapo nikiulizwa jambo nalisema lilivyo, hata watu wanicheke, kama mnavyonicheka sasa.