Nilimuuza Ndugu Yangu kwa Picha ya Gemu

Nilikosa. Naanza na hilo kabla hamjanihurumia, maana huko mbele mtasikia nami nilivyofanyiwa, na sitaki mtu aniliwaze mapema. Majina nimeyabadili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika Tanga baada ya dhiki ya kupanga foleni hata ya sabuni. Kazi yangu ilikuwa kupanda mapaa ya watu na kuelekeza antena mpaka stesheni ya Unguja ionekane bila chenga. Mtaa mzima waliniamini kwa jicho. Mtu akinunua televisheni, haiwashi mpaka niitwe.

Ndugu yangu Shaibu, mtoto wa mama mdogo, niliyelelewa naye nyumba moja, alifungua kibanda cha gemu mtaa wa Mabawa. Mashine yake ya kijivu aliivusha mpakani Horohoro ndani ya gunia la mitumba. Vijana walijaa pale mpaka nje. Kisha Idarusi wa mtaa wa Nguvumali naye akaleta yake, nyeusi, na ubishi ukaanza. Ipi picha yake safi? Ipi mpira wake unakwenda bila kukwama? Jamani, watu waliacha kubishania hata ligi!

Wakakubaliana zipambanishwe. Ijumaa alasiri, barazani kwa Idarusi, televisheni mbili za aina moja, mchezo wa mpira ule ule, na mwamuzi niwe mimi. Shaibu alicheka. "Awe huyu huyu," alisema. "Huyu hata mimi nikivaa vibaya hanifichi."

Sasa sikilizeni nilivyoharibikiwa. Nilikuwa nampenda Mwanahawa, dada yake Idarusi, na nilikuwa natafuta njia ya kupeleka posa. Baba yao alikuwa mkali, anayemsikiliza ni Idarusi peke yake. Asubuhi ya siku ile Idarusi akaniita pembeni.

"Shemeji," akaniambia. Shemeji! Na posa hata sijapeleka! "Leo nitazame vizuri, yakhe. Nami nitakutazama kwa mzee."

Nilimwelewa. Msiseme nilikuwa mtoto.

Tulipokaa barazani nilichungulia nyuma ya televisheni, kwa mazoea tu ya kazi. Mashine ya Idarusi ilikuwa imeunganishwa kwa zile nyaya za rangi zinazopeleka picha moja kwa moja. Ya Shaibu wenyeji walikuwa wameichomeka kwenye tundu la antena, tena plagi imelegea. Ndiyo maana picha yake ilikuwa na ukungu, wekundu wa jezi unachuruzika mpaka kwenye nyasi. Lakini hata hivyo, kwa mwendo ilikuwa laini, mchezaji anakimbia kama mtu. Ile nyeusi, wachezaji wakijazana golini, picha inaganda, kisha inaruka.

Niliyaona yote mawili. Kubadilisha waya ni kazi ya kufumba na kufumbua! Nikainuka, nikasafisha koo, nikasema: "Nyeusi. Kwa picha, nyeusi. Na kwa mwendo, nyeusi."

Watu wa Nguvumali wakalipuka kwa shangwe. Shaibu akainama kukunja waya wa mashine yake.

Basi kibanda chake kikakauka. Vijana wote wakahamia kwa Idarusi. Shaibu akaiuza ile mashine, akaenda Horohoro kubeba mizigo ya watu mpakani. Mama mdogo aliniuliza, "Mwanangu, kweli ilikuwa mbovu hivyo?" Nikamwambia ndiyo. Mola anisamehe!

Nami nikakaa kungoja malipo ya ulimi wangu. Kila nikienda, Idarusi ana neno: mzee anaumwa, mzee yuko Pangani, ngoja mfungo uishe. Siku moja napita kwao, nasikia vigelegele. Nikamuuliza mama mmoja mlangoni kuna nini.

"Huna habari? Mwanahawa kaposwa na yule mfanyabiashara wa Mombasa, rafiki yake kaka yake!"

Yule wa Mombasa ndiye aliyemletea Idarusi mashine. Walishaahidiana siku nyingi, kabla mimi sijaitwa shemeji. Nilimfuata Idarusi nikamtolea maneno yote niliyokuwa nayo kifuani. Wala hakukasirika. Alinijibu huku akicheka: "Wewe uliyemgeuka ndugu yako mbele za watu, nikupe dada yangu?"

Nililia, sifichi. Halafu nikaenda Horohoro kumtafuta Shaibu. Nikaanza kumweleza habari ya waya, akanikatiza.

"Niliuona kabla yako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, wangeniambia nimeshindwa natafuta sababu. Nilinyamaza kwa kuwa mwamuzi ulikuwa wewe."

Akajitwisha gunia lake, akaenda zake. Hakunitukana. Heri angenitukana!

Nyinyi mnaoitwa kuamua, hata kama jambo lenyewe mnaliona la kitoto, hata kama ni gemu tu, semeni mlichokiona. Msikubali kuitwa shemeji asubuhi mkasahau mlionyonya nao titi moja. Idarusi alinisaliti, ndiyo, na hadi leo naumia. Lakini Idarusi hakuwahi kuniamini hata siku moja. Aliyeniamini nilimsaliti mimi.